Mtambo wa nyuklia ukikuja Rarieda: nijenge bedsita ama nitulie?

NyarUyoma

Wadau habari za jioni. Niko na swali na naomba mnijibu kama watu wazima, si kunicheka. Nauza samaki hapa Lwanda Kotieno, omena na mbuta, huu mwaka wa 11 sasa. Baba alituachia ploti kando ya barabara inayoshuka feri ya kwenda Mbita, imekaa tu, mahindi kidogo na mbuzi za jirani ndio zinafaidi.

Sasa tangu 2025 serikali ilipoacha Kilifi ikageuza macho huku kwetu Siaya kila mtu amekuwa profesa wa nyuklia. Rarieda imetajwa, Bondo imetajwa, na Lwanda Kotieno iko kwa ile orodha. Tunaambiwa megawati 1,000, bilioni 500 hivi, mjengo uanze 2027 na stima itoke 2034. Shemeji yangu ananisukuma nichukue loni ya sacco nijenge bedsita 8, ati mainjinia watalala wapi? Sacco wamekubali milioni 1.8 kwa miaka mitano, fomu ziko hapa mezani sijasaini.

Sitaki tubishane kama mionzi itatuua, hiyo iko na thread yake. Mimi nataka kujua pesa. Mahali kama hapa mtambo ukija ni nani haswa anakuja, anakaa muda gani, anakula wapi, na akienda anatuachia nini? Kama kuna mtu ameishi karibu na kitu kama hicho aniambie ukweli hata kama ni mchungu.

dere_wa_ndori

Jenga dada. Hapa Ndori ploti ya 50 kwa 100 bei yake ya juzi na ya leo ni kama vitu viwili tofauti na hakuna hata jembe limegusa chini. Ukingoja mpaka uone kreni utajenga na bei gani ya simiti? Mapema ndio best.

mida_creek

Salaam aleikum dada. Mimi ni wa Uyombo, Kilifi, pale walipopataka kabla ya kwenu. Ngoja nikueleze kitu ambacho hao wa "mapema ndio best" hawakuelezi.

Mtambo haukujengwa kwetu, wajua hilo, watu walikataa, Mei 2024 kukawa na maandamano na watu wakaumia. Lakini hata bila kujengwa ulishatubadilisha uchumi. Miaka ile yote ya mikutano na wageni wenye fulana na chupa za maji, mtu hajui kama nyumba yake iko ndani ya mpaka au nje. Mjomba wangu alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba ya mawe, akausimamisha. Nazi hakupanda, maana mnazi wataka miaka kuzaa na yeye hajui kama atakuwepo. Mnunuzi wa kweli wa ardhi anakuogopa, anayekuja ni broka, na broka anakuja na bei ya mtu mwenye shida. Wengi kwetu hawana hati za ardhi, wamekaa tu tangu babu, kwa hivyo ukisikia fidia usidhani wewe ndiye utakayelipwa.

Kisha sisi tuna Watamu pale, tuna msitu wa Arabuko Sokoke, tuna wavuvi. Jina la nyuklia peke yake mtu wa hoteli halipendi. Nyinyi mna ziwa. Mchuuzi wa Nairobi akisikia samaki wa "kule kwenye nyuklia" hatakuuliza habari za vipimo, atanunua wa kwingine tu hata kama wako hawana neno lolote.

Swali langu kwako ni moja. Hiyo ploti hati iko kwa jina la nani?

NyarUyoma

Kwa jina la marehemu baba 😭 succession, yaani kesi ya urithi, hatujamaliza

mida_creek

Haya basi. Anza hapo kabla ya simiti.

masafa_marefu

Sis mimi niko Marekani, naendesha trela, route yangu kubwa ni barabara kuu ya I-80 inayokata jimbo la Wyoming. Nitakupea story ya mji unaitwa Kemmerer juu nimepeleka mzigo upande huo mara kadhaa na nimelala huko nikizuiliwa na theluji. Na hiyo ndio nyuklia ya kisasa yenyewe mnayosikia, wanaita advanced, si mtambo wa kizamani. Kampuni ya TerraPower, ile Bill Gates alianzisha, inajenga kinu kinaitwa Natrium. Hakipozwi kwa maji kama vile vingine, kinapozwa kwa madini ya sodiamu yaliyoyeyuka, na pembeni kuna matangi makubwa ya chumvi ya moto yanaweka joto akiba. Kawaida kinatoa megawati 345, watu wakiwasha vitu jioni kinapanda mpaka 500 kwa masaa matano na zaidi.

Kemmerer ni kamji, watu 2,400 hivi. Iko juu sana, zaidi ya mita 2,000, upepo wa kukata masikio. Duka la kwanza kabisa la JCPenney lilianzia hapo 1902, hiyo ndio sifa yao. Maisha yao yote ilikuwa makaa ya mawe: mgodi, na mtambo wa Naughton ulioanza kuchoma hayo makaa 1963. Makaa yakaanza kupigwa vita, watu wakajua mji unakufa. Sasa 2021 ikatangazwa kinu kitakuja hapo, Juni 2024 wakaanza kuchimba. Na hawakuchagua hapo kwa huruma, laini kubwa za stima zilikuwa tayari zimejengwa kwa ajili ya Naughton, na kuna watu washazoea kufanya kazi za boila na taabaini.

Hesabu yenyewe ndio hii, shika hapa. Mjengo ukifika kilele watu kama 1,600 wako saiti. Ukiisha, wanaobaki kazi ya kudumu ni kama 250, ukihesabu mpaka walinzi. Kwa mji wa watu 2,400 watu 250 wenye mshahara mnene ni mvua ya masika, hakuna ubishi. Lakini ona huo mteremko wa 1,600 kwenda 250. Bedsita zako 8 unajengea wale 1,600 ama wale 250? Wale 250 ni watu wa familia, wanataka nyumba ya vyumba vitatu na shule ya watoto. Bedsita watakuangalia tu.

Halafu kuna kuchelewa. Hiki kinu kinatumia mafuta ya urani iliyorutubishwa zaidi ya kawaida, na aliyekuwa anayauza kibiashara duniani alikuwa Mrusi peke yake. Vita ya Ukraine ikaja, Desemba 2022 wakatangaza wamerudi nyuma angalau miaka miwili, kutoka 2028 kwenda 2030. Fikiria wewe ni mama wa bedsita hapo mjini, ulikopa ukiangalia 2028. Kitu imetokea Ukraine, deni linakugongea mlango Kemmerer.

Na kuchelewa ni afadhali. South Carolina kuna mahali panaitwa V.C. Summer, Kaunti ya Fairfield, watu wa mashambani tu. Walikuwa wanajenga vinu viwili. Tarehe 31 Julai 2017 kampuni zikasema basi tumeacha. Siku hiyo watu zaidi ya 5,000 wakapoteza kazi. Dola kama bilioni 9 zilikuwa zimeshazama. Waliojenga nyumba za wapangaji, waliofungua hoteli, wote wakabaki wanaangaliana. Na wateja wa stima wakaendelea kukatwa kwa bili kulipia kitu ambacho hakijawahi kuwasha hata balbu.

Sisemi usijenge. Nasema kama unajenga jenga kitu ambacho mtambo usipokuja mwalimu, nesi na mtu wa feri bado watapanga.

dere_wa_ndori

Kaka hapo kwa 5,000 umeniharibia siku

tangaraha88

Wakuu poleni na majukumu. Dada mimi niko Tanga huku, sisi mitambo ya nyuklia hatuna ila miradi mikubwa tumeionja. Ngoja nikupe ya kwangu maana niliingia mkenge kabisa.

Kuna mradi mmoja mkubwa ulikuja maeneo yetu, sitautaja. Tukaambiwa wafanyakazi mamia kwa mamia. Nikauza bodaboda mbili, nikakopa na juu yake, nikapandisha vyumba 10 vyenye vyoo ndani, nikapiga na tiles. Nikasubiri. Kumbe mkandarasi kajenga kambi yake mwenyewe! Ndani ya uzio kuna vitanda, kuna kantini, kuna kufulia, kuna mpaka duka la vocha. Asubuhi basi linawatoa, jioni basi linawarudisha, wewe unawaona dirishani tu wanapita. Vyumba vyangu nikaja kupangisha kwa vibarua wa hapahapa tena watatu watatu kwa chumba na kulipa kwa mbinde.

Sasa nani alipata hela? Mama mmoja jirani yangu, yeye hakujenga chochote. Alikwenda kuuliza kantini inanunua wapi samaki na mboga. Akaambiwa tunataka mtu mwenye risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, mwenye namba ya mlipakodi, mwenye akaunti ya biashara, na samaki wawe kwenye barafu wapimwe joto getini. Akahangaika miezi miwili mitatu, akasajili, akanunua friza la mtumba. Huyo mama ameezeka nyumba kwa ile kantini. Mzigo ukifika na joto anarudishwa nao, ndiyo, amelia mara mbili pale getini nilimwona, lakini mwisho wa mwezi hela inaingia benki.

Wewe dada una miaka 11 kwenye samaki halafu unataka kwenda kuwa mwenye nyumba. Hebu fikiria tena.

usiku_shift

Namuunga mkono wa Tanga. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee huku Somerset, Uingereza, si mbali na Hinkley Point C wanapojenga vinu viwili vikubwa. Huku pia walijenga mabweni ya wafanyakazi, moja saiti na lingine mjini Bridgwater, jumla karibu vitanda 1,500. Na BADO kodi za vyumba zikapanda, nani aliumia, sisi tunaolipwa mshahara wa kawaida. Mimi chumba changu nimehama mara mbili, mwenye nyumba anasema kuna kontrakta anaweza kulipa zaidi. Kwa hivyo usifikirie tu upande wa landilodi, fikiria na mwalimu wa hiyo shule yenu, atahamia wapi.

Kitu kizuri nimeona ni vijana wa hapa. Wanachukuliwa wakitoka sekondari wanafundishwa kuchomelea, umeme, kufunga mabomba, wanalipwa wakijifunza. Mtoto wa mama mmoja ninayemtunza yuko hapo, ana miaka 20, ananunua gari. Lakini chuo kilijengwa mapema. Ukingoja mtambo ufike ndio ufungue chuo, fundi atakuja na ndege.

nguzo_ya_stima

Niruhusuni niongeze maana hii ndio kazi yangu, niko upande wa gridi miaka 14. Sitasema niko wapi.

Kitu ya kwanza. Hiyo megawati 1,000 mnayosikia, kama ni kinu kimoja, mimi sikioni kikiingia kwa gridi ya sasa. Kuna kanuni ya mkono tunatumia, mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi yote, juu ukizima ghafla unaangusha na wengine. Mahitaji yetu ya juu kabisa 2025 yalikuwa yanacheza 2,300 mpaka 2,400 na kitu. Toa 1,000 kwa hiyo mara moja. Mnakumbuka Agosti 2023 nchi nzima ilipozima? Ndio. Kwa hivyo ama gridi ikue sana kwanza, ama tuchukue vinu vidogo, vile vya megawati 300 kushuka chini, unaweka kimoja, halafu kingine.

Na hapa ndio NyarUyoma anafaa kusikiza vizuri. Utamu wa hivyo vinu vidogo kwa mwenye kununua ni kwamba sehemu kubwa inaundwa kiwandani, inakuja vipande, inafungwa. Mjengo unakuwa mfupi. Mfupi kwa mwekezaji ni kicheko, kwa mama mboga wa getini ni miezi michache ya kuuza chapati. Yaani kadiri teknolojia inavyokuwa mpya ndivyo kazi nyingi zinabaki kule kiwandani, Marekani ama China ama Korea, na siyo Rarieda. Hakuna mwanasiasa nimesikia akiisema hiyo kwa mkutano. Na hata hivyo vidogo vinaanguka pia, Idaho walikuwa na mradi wa NuScale, bei ya stima ikapanda kutoka dola 58 mpaka 89 kwa megawati-saa kabla hata ya kuchimba msingi, Novemba 2023 wakaufuta.

Kitu ya pili, kodi. Masafa_marefu amesema Kemmerer ila hajasema kwa nini miji ya Marekani inapigania hivi vitu. Huko mtambo unalipa kodi ya mali, thamani yake yote na mashine zake, na hiyo pesa ndio inajenga shule na barabara za hapo hapo. Hapa kwetu kaunti inatoza rates, yaani kodi ya ardhi, lakini kaunti nyingi zinapiga hesabu kwa thamani ya ardhi, siyo kilichosimama juu yake. Kwa hivyo mtambo wa mabilioni na shamba la mihogo la ukubwa huo huo mnaweza kukaa karibu kwa daftari la rates. Na kama mwenye ardhi ni serikali kuu, uliza kaunti ya Nairobi inavyoidai.

Halafu linganisha na stima ya mvuke wa ardhini kule Olkaria. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke asilimia 75 inaenda serikali kuu, 20 kaunti, 5 wenyeji. Ni kidogo lakini imeandikwa. Nyuklia je? Hakuna kitu inachimbwa Rarieda, urani inanunuliwa nje inakuja na meli. Mnachotoa nyinyi ni ardhi, maji ya ziwa ya kupozea, na utulivu wenu. Hizo tatu hazina mrabaha kwa hiyo sheria. Kama mnataka asilimia yenu lazima iandikwe kabla ya mkataba, siku mtambo ukiwaka hakuna mtu atashika simu.

Msisahau mradi wa upepo wa Lake Turkana, kule Marsabit. Mitambo ya upepo 365, megawati 310, laini ya kilomita 428 inashuka mpaka Suswa, na kuna manyatta waya zinapita juu yake na ndani wanawasha koroboi. Barabara walipata, kutoka Laisamis, hiyo ni kweli na ilisaidia, wafugaji wanakuambia mbuzi sasa inafika soko ikiwa na nyama. Lakini hati za ile ardhi zikaenda mpaka korti ya Meru, na 2021 korti ikasema hazikutolewa kwa njia halali.

Sasa swali ambalo ningeuliza kama ningekuwa na ploti hapo. Mpaka wa usalama utakuwa wa kilomita ngapi? Marekani mitambo mikubwa ina eneo la dharura la maili 10, karibu kilomita 16. Wajenzi wa vinu vidogo wanaomba liishie kwa fensi. Kati ya fensi na kilomita 16 kuna Uyoma nzima. Hiyo namba moja ndiyo itakuambia kama ploti yako ni ya kukodisha, ni ya fidia, ama ni ya kulima tu kama sasa.

dere_wa_ndori

Engineer sasa sisi wa boda tunapata nini kwa hii story

nguzo_ya_stima

Barabara nzuri na resi za kubeba watu wa vikao. Hiyo mmeanza kupata tayari naona 😂

dere_wa_ndori

Ukweli. Wiki jana nilibeba watatu wa briefcase toka Ndori mpaka pier, wakapiga picha maji, tukarudi. 1,500. Naunga mkono nyuklia

NyarUyoma

Asanteni sana jamani. Nimesoma zote mara mbili, nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Ya tangaraha88 ya friza imeniuma kwa sababu ni mimi kabisa, mimi barafu nanunua kwa mtu, ikichelewa samaki wangu wanaenda bei ya jioni.

Shemeji nimemwambia bedsita nane hapana. Amekasirika kidogo, yeye ndiye angekuwa kontrakta nadhani 😅. Nimerudisha fomu ya milioni 1.8 nikaitisha ya laki tatu, nione friza mbili na kupata kibali cha afya. Succession tumekubaliana na ndugu zangu twende kortini Siaya mwezi huu, kila mtu achange nauli yake. Labda baadaye vyumba viwili vya walimu, tutaona.

Tangaraha kaka, huyo mama jirani yako alianza na friza ya lita ngapi, na je stima ikipotea alikuwa anafanyaje? Huku tunaweza kaa siku nzima bila. Na engineer, Ijumaa chifu ameitisha baraza na tumeambiwa watu wa mtambo watakuwepo. Naomba uniandikie hilo swali la fensi na kilomita kwa lugha fupi, nilisome vile lilivyo, kwa sababu nikianza kuliongea kwa kichwa wataniambia mama keti chini.

nguzo_ya_stima

"Eneo la dharura litakuwa kilomita ngapi kutoka kwa kinu, na ni nani ataandika hiyo namba?" Ukishamaliza usikae, baki umesimama mpaka ujibiwe.

tangaraha88

Dada alianza na la lita 300, la mtumba. Umeme ukikatika alikuwa halifungui kabisa, analifunika na magunia na blanketi, linashika mpaka kesho yake asubuhi. Nitakutumia picha nikitoka kazini.